Kura za Columbus

Asukulu,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako, pale unapoweka chaja ya simu, kwa sababu najua chaja utaitafuta kabla ya chakula. Ukiifungua utakuwa umeshavuka mto pale Cincinnati, nami nitakuwa kazini nafunga maboksi, mbali na uso wako. Nimepanga hivyo makusudi. Ni woga tu, usiutafutie jina jingine.

Habari ya koti, ya theluji ya Buffalo, ya kumsalimia mjomba wako vizuri, ya kanisa, ya kutovaa soksi mbichi, sitaandika. Mama yako amezisema wiki nzima na atazisema tena kwenye simu kabla hujafika Columbus. Mimi nina jambo moja, lina miaka miwili sasa, na nitalizungukia kidogo kwanza. Nilikuwa mwalimu. Mwalimu hawezi kukuambia kwamba maji yanachemka bila kuanza na kuni.

Unaikumbuka orodha. Utaisahau vipi, nilikulisha nayo. Ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mpaka ukapasuka kwenye mikunjo, nami nikauunga kwa plasta ya zahanati ya kambi. Juu nimeandika kwa kalamu nyekundu: Wachezaji Bora wa Ligi ya Ufaransa. Chini majina, mwaka kwa mwaka. Kule kambini Kigoma redio iliyoshika vizuri ilikuwa ya Kifaransa, na sisi wa Uvira tulisomeshwa kwa Kifaransa, donc, yaani kwa hiyo, nilijiona nina undugu na mambo yale. Ikifika Mei wanatangaza mshindi, mimi nimekaa na kalamu kama karani wa mahakama. Majirani wanatafuta kuni, mimi natafuta betri.

Ulipokuwa na miaka sita uliweza kuwataja wote kwa mpangilio. Nilikusimamisha mbele ya wageni, mikono nyuma, unataja. Kulikuwa na mmoja uliyemruka kila mara, katikati ya orodha, na kila mara nilikukatiza: rudi mwanzo. Siku moja nilikurudisha mwanzo mara nne mbele ya katekista na mke wake, ukajikojolea pale pale kwenye mkeka. Mama yako akakubeba. Mlangoni akageuka akaniambia, "Umebeba majina ya watu hata hawajue kama tuko hai." Nilimdharau. Nilijiambia, huyu hakusoma.

Lakini kuna siku nyingine, na hiyo ndiyo nataka uishike. Uliniuliza, "Papa, nani aliwachagua hawa?" Nikakuambia, wenzao. Ligi ile wachezaji wenyewe ndio wanaopiga kura. Ukafikiri, ukauliza, "Hata wale waliofungwa nao?" Nikasema, hata wale waliofungwa nao. Ukacheka sana. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa umeelewa zawadi ile kuliko mimi niliyeiandika kwa kalamu nyekundu.

Orodha ikasafiri na sisi mpaka Amerika, ndani ya ule mfuko mweupe wa nyaraka tuliokatazwa kuufungua njiani, pamoja na kadi za chanjo. Hapa Louisville nikaibandika kwenye friji. Wiki hii nimeibandua na kuisoma kwa jicho jingine. Wanaume wazima wamevaa suti, wamepewa sanamu, wamelia mbele ya kamera, na wengi wao kabla msimu mwingine haujakolea wameshahamia ligi yenye pesa zaidi. Nusu yao ukiwataja pale kazini, vijana wanauliza huyo ni nani. Na mimi kwa ajili ya hao nilimkojolesha mtoto wangu kwenye mkeka. Siwadharau wao, walicheza mpira wao. Namdharau aliyekaa na kalamu.

Bon. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka kiangazi kile cha Kombe la Dunia la Brazil, wazee wetu walipoamua kwamba na sisi tuwe na kombe letu: Wakongomani wa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo, timu tatu, siku mbili, mahali pa katikati, yaani Columbus. Kikao kilifanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na tisa walikuwa na vyeo. Mwenyekiti, makamu, mshauri, mshauri wa mshauri. Tulitumia saa mbili kujadili nani atakaa kiti gani na dakika kumi kujadili mpira. Mimi nikainuka na orodha yangu kichwani, nikasema tuchague mchezaji bora kama wanavyochagua Ufaransa, wachezaji wenyewe wapige kura. Wakakubali papo hapo kwa sababu neno Ufaransa lilikuwa limetajwa. Tukaongeza kanuni moja yetu: hakuna kumpigia mwenzako wa timu moja. Kila mchezaji aandike jina la anayemchagua, chini aandike lake mwenyewe, ili mtu asipige mara mbili. Na mwalimu, yaani mimi, ndiye atakayehesabu.

Nilifurahi na hicho cheo kuliko wale tisa na vyeo vyao. Sikulala.

Asubuhi ya siku ya pili, pale kwenye uwanja wa nyasi karibu na Clintonville, watu wanashusha masufuria kutoka kwenye magari, mwenyekiti akanivuta pembeni. Unamjua yule, tumbo linatangulia, shati la kitenge, simu mbili. Akaniambia, "Mwalimu, mambo ya kura iko kwako. Bon. Lakini tusisikie harufu ya nyumba yako mule ndani." Akacheka, akanipiga begani, akaenda kuuliza nyama. Kwake yale yalikuwa maneno ya mdomo tu, nadhani alipofika kwenye nyama alikuwa ameshayasahau. Mimi yaliniingia kama mwiba wa samaki.

Halafu wewe ukacheza. Sijui mpira ule ulijifunzia wapi, kwangu hukujifunza. Ile mechi ya mwisho na Buffalo, mpira ulitoka kulia, wote tulidhani utautuliza, wewe ukaupisha katikati ya miguu yako na mabeki wao wawili wakagongana. Wazee wa Columbus, waliokuja kula tu, walisimama na sahani mkononi. Mama yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya kutoonekana nimefurahi. Mkafungwa kwa penalti, kombe likaenda Buffalo, na hata waliolibeba walikuwa wanakuja mmoja mmoja kukushika kichwa.

Kura zikakusanywa ndani ya kofia. Nikaenda kuhesabu kwenye lile gari letu la bluu, vioo juu, joto la Julai, jasho linadondokea karatasi. Zilikuwa thelathini na tatu. Saba zilitawanyika kwa huyu na yule. Tisa zilikuwa za Byamungu, nahodha wa Buffalo. Kumi na saba zilikuwa zako.

Soma tena hapo, kisha uendelee. Kumi na saba zilikuwa zako, Asukulu. Na kwa kanuni yetu ile, hakuna hata moja iliyotoka kwa rafiki zako wa Louisville. Zote zilitoka kwa watu mliokuwa mnakanyagana nao tangu jana yake.

Nilikaa na furaha ile kwa muda wa kukunja karatasi. Halafu nikaanza kusikia. Nikasikia wanavyosema kwenye harusi, kwenye matanga, pale nje ya kanisa: mwalimu alihesabu mwenyewe, akampa mtoto wake. Nikaona vidole. Mtu aliyekimbia vita na kuvuka ziwa, akaogopa umbea wa watu wanaogombania viti vya plastiki. Nikatoka kwenye gari, nikasimama mbele ya wote, na kwa sauti yangu ya darasani nikatangaza jina la Byamungu.

Ulipiga makofi. Ulikuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono. Mimi nilisimama pale nikijiona mtu mnyoofu kuliko wote Ohio nzima. Ndivyo nilivyojiona. Nimekuibia mbele ya macho yako ili watu wasinione mwizi, na kifua kimejaa.

Na tukiwa njiani kurudi, mama yako amelala kiti cha nyuma, uliniuliza. Wewe ambaye tangu darasa la tano nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, siku ile ulianza mwenyewe, kwa Kiswahili, taratibu: "Papa, mimi nilipata ngapi?"

Nikakuambia, nne.

Sikuwa nimeiandaa hiyo nne, ilitoka tu. Ukatazama nje dirishani, ukanijibu kwa Kiingereza maneno mawili, kwamba ni sawa. Kuanzia siku ile hujaniuliza tena kitu cha moyoni kwa lugha yoyote.

Utadhani basi angalau nilisifiwa kwa unyoofu wangu. Hata kidogo. Wiki mbili baadaye hapa Louisville wakaanza kusema mwalimu alimpa Byamungu kwa sababu shemeji yake anakaa Buffalo. Umbea niliokuuza ili niukimbie ulinifuata mpaka mlangoni, umebadilisha shati tu. Mwenyekiti nilipokutana naye aliniambia, "Kijana yako alijikaza," kisha akaniuliza kama namjua fundi wa jiko.

Hayo ni ya kuchekesha. Yanayofuata hayachekeshi.

Uongo wangu ulihitaji wewe uwe mchezaji mbovu. Unaelewa? Kama ulikuwa mzuri, basi mimi ni mtu wa hovyo. Donc nikaanza kukufanya mbovu. Wageni wakisifu miguu yako nilisema hiyo ni miguu ya kukimbilia chakula. Ukirudi na viatu vyenye matope nilikuuliza kama umetoka kulima. Ulipoanza kukosa mazoezi ya timu ya shule sikukuuliza kwa nini, nilishukuru. Na siku yule kocha wako Mzungu alipokuja nyumbani, amevua kofia, anasema kuna chuo kinataka kuja kukuangalia, kwa nini umeacha, mimi ndiye niliyempokea. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha ghalani kwamba mtoto ameamua, na ni vizuri, hana kipaji hicho. Alinitazama kama mtu anayetazama saa iliyokufa. Ulikuwa kwenye ngazi. Niliona miguu yako. Nikaendelea kusema.

Dharau ile yote uliyoila mezani kwangu miaka miwili haikuwa yako, Asukulu. Ilikuwa yangu mimi, nikaipakua kwenye sahani yako.

Nisijipambe pia kwamba nimeamka nikaamua kutubu. Sivyo. Wiki iliyopita mama yako alikuwa anatafuta cheti chako cha chanjo kwenye ule mfuko mweupe, akakuta bahasha. Karatasi thelathini na tatu. Sikuwahi kuzitupa, na usiniulize kwa nini, nimejiuliza sana. Alizitandaza mezani, akazihesabu kwa kidole, yeye ambaye nilisema hakusoma. Alipomaliza hakupiga kelele. Alisema, "Mwanaume muzima, unaogopa mwenyekiti wa watu ya kula sambusa." Halafu akasema kwamba basi la Jumamosi likiondoka bila wewe kujua, atakuambia yeye, Jumapili, kwa simu, mbele ya kanisa lote. Najua angefanya. Kwa hiyo hata ukweli huu ninaokupa nimesukumwa mgongoni. Upokee hivyo ulivyo.

Nilijaribu kwa mdomo. Jumanne nilipokupeleka kununua koti, nilizunguka ule mtaa mara mbili, ukaniuliza kama nimepotea njia. Jumatano nilikuja mlangoni kwako, nikaishia kukuuliza kama taa imezimwa. Leo jioni nimekaa hapa jikoni, mama yako anakaanga wale kuku wako wa safari, anageuza nyama na kunitazama, anageuza nyama na kunitazama. Ndiyo maana mwandiko umekuwa mbaya.

Sina mawaidha ya kukupa. Mtu wa aina yangu akitoa mawaidha unaweza kucheka. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu, ukifanyie unavyotaka. Nilidhani kumnyima mtoto wangu ni haki, kwa sababu iliniuma. Nikadhani kila kinachoniuma ni haki. Lakini aliyeumia ulikuwa wewe, mimi nilipata jasho tu ndani ya gari. Na wale niliowaogopa, nikikaa niwahesabu, hakuna hata mmoja ambaye ningempa funguo za nyumba yangu anitunzie paka. Nilikubadilisha kwa maoni yao, na wao hata hawakujua wamepewa kitu.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe upesi, nakujua, kwa yale maneno mawili ya Kiingereza, na sitaki kuyasikia tena. Kasirika. Kaa na hasira yako mpaka uishibe. Ukinipigia simu, nitukane kwa Kiswahili, nitafurahi.

Ninachoomba ni kingine. Umefunga begi mwenyewe na nimeona hukutia viatu vya mpira. Vilikuwa gereji nyuma ya matairi ya theluji, kimoja panya ameanza kukionja kamba. Nimeviosha, nimenunua kamba mpya, nimeviweka chini kabisa ya begi, chini ya blanketi la mama yako. Sijui kama bado vinakuingia. Kiwanda anakofanya kazi mjomba wako kinafunga Jumapili, na anasema kule Riverside, karibu na mto, kuna uwanja ambako vijana wetu wanacheza baada ya misa. Sikwambii uende. Nimeshakuambia vya kutosha kuhusu miguu yako.

Byamungu pia anakaa mtaa huo. Najua hutaki kusikia jina lake. Mara ile mjomba alipomtaja mezani uliondoka na sahani yako. Kijana wa watu hana kosa. Hajui chochote, mpaka leo ile sanamu ya mchezaji bora aliyopewa siku ile iko juu ya televisheni ya mama yake, na anaamini aliipata kwa kura.

Kura zako kumi na saba ziko ndani ya kiatu cha kushoto. Zile nyingine nimebaki nazo mimi, ni mzigo wangu. Zako soma moja moja, kila moja ina jina la mtu chini. Kuna ya golikipa wa Columbus uliyemfunga mara mbili. Kuna ya yule beki mrefu aliyekuchania jezi. Moja imeandikwa nyuma ya karatasi ya chupa ya maji. Orodha yangu ya Ufaransa nimeichana, sikuwekei, ya kwako ndiyo hiyo.

Na iko moja imekunjwa peke yake, ndogo sana, kama mtu aliyeogopa wenzake wasimchungulie. Nilipoifungua siku ile ndani ya gari niliisoma mara mbili, na bado nikatoka nikatangaza nilichotangaza. Anza na hiyo. Jina lililoandikwa juu ni lako, na la chini ni la Byamungu.

Papa yako,
aliyehesabu.